Kukaanga nyama ipate rangi ya kahawia kwenye sufuria nzito ya enameli

Asubuhi za Mbeya, hasa Juni na Julai, sufuria ya chuma cha kusubu huwa ya baridi kabisa. Usiibandike ghafla juu ya mkaa uliokolea: enameli, yaani utando mgumu kama kioo uliopakwa juu ya chuma, na chuma chenyewe havitanuki sawa, na joto la ghafla huipasua enameli. Tia mafuta vijiko viwili, anza na moto mdogo kwa dakika tano, kisha ongeza hadi wa wastani, basi. Mafuta yakifuka moshi, punguza mkaa.

Futa nyama ikauke. Maji huitokosa, haipati rangi. Panga vipande vichache vyenye nafasi. Vikigandia, subiri, vitajibandua vyenyewe. Tumia mwiko wa mbao. Usimwage maji baridi humo kabla sufuria haijapoa.