Somo: karata zipi ubaki nazo na zipi utupe kwenye poka ya karata tano

Wadau habari za jioni, salamu toka Mikindani. Wengi mmeniuliza pembeni kuhusu hii poka ya karata tano, ile mnagawiwa tano tano, kila mtu anabadilisha mara moja tu halafu mnafunguliana, kwamba mtu anajuaje abaki na ipi. Leo naandika yote ninayoyajua. Sisi hapa barazani tunachezea korosho za kukaanga, hela haiguswi, na nawaomba sana mnaojifunza muanze hivohivo.

Kwa waliozoea albastini na lasti kadi: poka haina turufu. Nguvu inapanda hivi: pea, pea mbili, tatu za aina moja (mfano 8 tatu), streti (tano zinazofuatana), flashi (tano za alama moja, mfano kopa tupu), fulu hausi (tatu na pea), nne za aina moja, halafu streti flashi (tano zinazofuatana za alama moja).

HATUA YA 1. Shika namba 47. Pakiti ina karata 52, tano unazo wewe, kwahiyo 47 hujaziona. Za wenzako nazo zimo humohumo, usihangaike kuzitoa maana huzijui ni zipi. Kabla hujatupa kitu jiulize, kwenye hizi 47 ngapi zinaniokoa?

HATUA YA 2. Ukigawiwa streti, flashi au fulu hausi tulia, usibadilishe kitu.

HATUA YA 3. Pea moja. Hapa naomba tukae kidogo maana ndo mkono utakaoupata sana, mara 42 hivi katika 100, na ndo watu wanapoharibu. Chukulia una 8 mbili, ree (A), 5 na 3. Mtu anabaki na 8 zake halafu anaing'ang'ania na ree kisa ni kubwa, anabadilisha mbili tu. Mimi nasema tupa zote tatu. Ukibadilisha tatu unapata mkono mzuri zaidi karibu mara 29 katika 100, ukibaki na ree unashuka mpaka 26. Ukiangalia juu juu utasema tofauti ndogo, lakini angalia inapotokea: kupata 8 ya tatu ni mara 11 ukibadilisha tatu, ukiiweka ree inabaki kama 8 hivi. Yani ree imekalia nafasi ya karata ambayo ingekuja kukujenga. Ni kama kuchambua korosho za kupeleka mnadani, punje ikiwa haifai unaitoa hata kama ni kubwa, huiachi gunia moja na nzuri kwa huruma. Ree ya pembeni ina wakati wake, mfano unahisi kabisa mwenzako ana pea mbili, hapo pea mbili zenye ree juu zinaweza kumpiga. Ila isiwe mazoea.

HATUA YA 4. Nne zinazosubiri moja. Una kopa nne, pakiti ina 13, zimebaki 9 kwenye 47, hiyo ni karibu mara moja katika 5. Una 6, 7, 8, 9 basi inakufaa 5 au 10, jumla karata 8, kama mara moja katika 6. Lakini ukiwa na 6, 7, 9, 10 unasubiri 8 peke yake, ziko nne tu, mara moja katika 12, na hapo mimi natupa mkono mzima na kujitoa kama kuna mtu ameshaweka korosho nyingi. Kopa tatu tu ndo usifikirie kabisa, kupata mbili zilizobaki ni mara 4 katika 100.

MASWALI

Mdau wa Lindi mjini: Kaka nina 4 mbili, moja ni ya kopa, na nyingine tatu zote kopa. Nivunje pea?
Jibu: Swali zuri sana hili mkuu. Angalia nani yupo mezani. Kama sheria yenu ni kwamba anayefungua dau lazima awe na angalau pea ya jeki, na mtu kafungua, basi pea ya 4 imeshapigwa tayari, vunja utafute flashi. Mkiwa wawili tu na hakuna aliyeonyesha nguvu, baki na 4 zako.

Mdau wa Masasi: Pea mbili, ree na 3. Naweza kutupa 3 nitafute ree ya tatu?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Tupa ile moja ya pembeni tu. Ree 2 na 3 mbili zilizobaki zinakupa fulu hausi, karata 4 kwenye 47. Ni kidogo kweli ila hupotezi chochote, ukizivunja mara nyingi utaishia na pea ya ree tupu wakati mwanzo ulikuwa na pea mbili.

Dada wa Newala: Samahani mwalimu, nikiwa na tatu za aina moja nikibadilisha mbili si wote wanajua ninacho?
Jibu: Wanahisi dada, ndo maana wengine wanabaki na moja ya uongo, wanabadilisha moja ili ionekane wana pea mbili. Nafasi yako ya kupata mkono mzuri zaidi inashuka toka 10 na kidogo mpaka 8 na nusu katika 100. Kwa tatu kubwa kama za kingi mimi nalipa hiyo gharama, kwa tatu ndogo sikubali, nabadilisha mbili.

Mdau wa Lindi tena: Na nisipokuwa na chochote, ree tu?
Jibu: Tupa mkono usubiri mgao mwingine. Ukiwa umeshaingia baki na ree ubadilishe nne, ila ulizeni kabla hamjaanza, meza nyingi mwisho ni tatu na nyingine zinaruhusu nne kwa mwenye ree tu. Sisi Mikindani tunaruhusu, lazima aionyeshe kwanza.