Somo: Namna ya Kuchagua Kahawa Isiyo na Kafeini Yenye Ladha ya Kuridhisha

Ndugu wanachama, wengi wanaokatazwa kafeini na daktari, au wanaotaka kikombe cha jioni bila kukesha, huikataa kahawa isiyo na kafeini baada ya kuionja mara moja tu na kuikuta imepooza. Lawama hupewa ile kazi ya kuondoa kafeini, ilhali kafeini haina harufu na huchangia sehemu ndogo tu ya uchungu wa kahawa. Ni kweli kwamba kazi hiyo hupunguza ladha kidogo, lakini mara nyingi kikombe huharibiwa zaidi na buni duni iliyochaguliwa tangu mwanzo, ikakaangwa kupita kiasi ili uduni wake usionekane, kisha ikakaa dukani muda mrefu.

Hatua ya kwanza: fahamu jinsi kafeini ilivyoondolewa

Kafeini huondolewa buni ikiwa mbichi, kabla ya kukaangwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mfanyabiashara wa kahawa wa Bremen, Ujerumani, Ludwig Roselius, alitumia benzini, kemikali ambayo imeachwa kwa sababu husababisha saratani. Leo kuna njia nne kuu. Katika njia ya maji, buni hulowekwa ndani ya maji ambayo tayari yamejaa viambato vya ladha ya kahawa lakini hayana kafeini, hivyo kafeini hutoka na sehemu kubwa ya ladha hubaki. Kikombe chake huwa safi na cha upole, ingawa wakati mwingine huwa chepesi. Njia ya ethili asetati, inayotumika sana Kolombia na ambayo mifuko mingi huiita njia ya miwa kwa kuwa kemikali hiyo hutengenezwa kutokana na miwa, huacha utamu na harufu ya matunda, nami humshauri anayeanza aanze nayo. Njia ya kaboni dayoksaidi yenye mgandamizo mkubwa hutunza harufu vizuri, ila mitambo yake ni ghali.

Inabaki kloridi ya methilini, ambayo jina lake huwatisha watu. Kemikali hii huchemka kwenye nyuzi joto 40 hivi, na buni hukaangwa kwenye joto linalokaribia au kupita nyuzi 200, kwa hiyo kinachobaki ni kidogo mno; sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya sehemu 10 kwa milioni katika kahawa iliyokaangwa. Asiyeitaka ana haki yake, lakini asidhani kwamba ladha yake ni mbaya.

Hatua ya pili: soma mfuko

Tafuta tarehe ya kukaangwa, kwa maana tarehe ya mwisho wa matumizi haikuelezi chochote kuhusu ladha. Tafuta pia nchi au eneo ilikolimwa kahawa, na njia iliyotumika kuondoa kafeini. Mkaangaji anayeyataja yote matatu kwa kawaida amenunua buni nzuri. Nunua kiasi cha wiki mbili au tatu tu, kwa kuwa punje hizi zimelegea kwa kulowekwa na kukaushwa, na huchakaa upesi kuliko za kawaida.

Hatua ya tatu: usidanganywe na rangi

Buni iliyoondolewa kafeini huwa na rangi ya kahawia hata kabla ya kuguswa na moto, kwa hiyo ikikaangwa wastani huonekana kana kwamba imekaangwa sana. Mimina punje chache kiganjani uangalie mfuo wa katikati: punje ya kawaida mara nyingi huwa na utando mweupe humo, lakini hii karibu haina, na mfuo wake ni mweusi. Mng'ao kidogo wa mafuta usikutishe. Vunja punje moja uinuse. Ikinuka majivu au karatasi kavu, iache.

Hatua ya nne: saga na upike

Punje hizi huvunjika kwa urahisi na kutoa vumbi jingi linaloziba chujio. Anza na gramu 15 kwa mililita 240 za maji ya nyuzi 90 hadi 94. Maji yakituama kwenye chujio, au kahawa ikiwa chungu na kukausha ulimi, saga kwa ukubwa zaidi. Ikiwa chachu na nyepesi, saga laini zaidi. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, kahawa hii haina kafeini hata kidogo?

Jibu: Inabaki kidogo. Ujerumani, kwa mfano, huruhusu hadi asilimia 0.1 katika kahawa iliyokaangwa. Kikombe cha kawaida huwa na miligramu 95 hivi, na hiki huwa na kati ya 2 na 15. Aliyekatazwa kafeini kabisa amuulize daktari wake kwanza.

Swali: Naomba kujua kama naweza kuichanganya na kahawa ya kawaida ili nipunguze kafeini polepole.

Jibu: Unaweza, na wengi huanza hivyo, nusu kwa nusu. Saga kila moja peke yake, kwa sababu hazivunjiki sawa, kisha uchanganye unga.

Swali: Mfuko ukiwa mkubwa, niweke kwenye friji?

Jibu: Friji ya kawaida ina unyevu na harufu za vyakula, kwa hiyo haifai. Gawa kahawa katika vifuko vidogo visivyopitisha hewa, uvigandishe, na utoe kimoja kimoja. Kiache kipoteze baridi kabla ya kukifungua, na ukishakifungua usikirudishe.