Kiima na kitenzi visiachane

Ndugu zangu wa Kampala mnaowaandikia wateja barua pepe kwa Kiingereza, wekeni kiima na kitenzi chake jirani. Tazama hii: "Your goods, which were sent from Mombasa last week through our agent in Malaba, have arrived." Mteja anazungushwa Mombasa hadi mpakani kabla ya kujua mzigo umefika! Afadhali: "Your goods have arrived. They came from Mombasa through our agent in Malaba." Habari kwanza, safari ya mzigo baadaye. Na hizo "kindly" tunazozimwaga kila mstari, moja yatosha. Kabla ya kutuma, isome kwa sauti. Ukiishiwa pumzi kabla ya nukta, ikate sentensi.