Rupia imefutika mwaka: namna ya kuitambua

Wanaoniletea sarafu hapa Mikindani, iwe imefukuliwa chini ya mikorosho au imetoka kwenye kidani cha bibi, huanza na swali moja: ni ya mwaka gani? Mwaka mimi nauacha mwisho. Kwa sarafu za fedha za pwani hii, kama rupia za enzi za Wajerumani na za India ya Waingereza, uzito, picha na maandishi husema mengi kuliko tarakimu nne, na zipo ambazo mwaka ukisomeka vizuri bado unakudanganya.

Hatua ya 1: Usisugue

Majivu, mchanga, ndimu, dawa ya meno, weka mbali vyote. Ukikwangua ule weusi unaondoka na mabaki ya tarakimu. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha kausha kwa kugusisha kitambaa bila kufuta.

Hatua ya 2: Pima

Azima mizani ya sonara, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Rupia ya Kijerumani na rupia ya Kihindi zina uzito mmoja, gramu 11.66, yaani tola moja, kipimo cha uzito cha Kihindi, kwa hiyo mizani haitakutenganishia hizo mbili. Nusu rupia ni 5.83 na robo ni 2.92. Iliyochakaa hupungua kidogo. Iliyotobolewa hupungua zaidi.

Ikisoma karibu gramu 28 na upana wake unakaribia sentimita 4, hiyo ni reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria. Usihangaike na mwaka: zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20. Ikisoma kama gramu 23, tulia. Sarafu ya rupia mbili ya Kijerumani ilipigwa 1893 na 1894 tu, kwa hiyo hata bila tarakimu umebakiwa na miaka miwili ya kuchagua, na 1894 ndiyo adimu zaidi.

Kujua kama ni fedha kweli, weka kikombe cha maji juu ya mizani na urudishe mizani kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi, izame bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba inayosomeka. Fedha ya rupia hutoa karibu 10.3, mchanganyiko wa shaba na nikeli hutoa karibu 8.9. Asidi ya sonara sishauri, inaacha kovu. Na akija mtu na habari za rupia inayovuta punje za mchele, huo ni utapeli, mwache aende na mchele wake.

Hatua ya 3: Soma kilichobaki

Kwenye rupia ya Kijerumani, upande wa Kaisari Wilhelm II mwenye kofia ya tai hautakusaidia sana, maana kichwa ni kile kile. Geuza. Ukiona ngao yenye simba na mti wa jamii ya mnazi, au kipande tu cha neno GESELLSCHAFT, ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: 1890 hadi 1902. Ukiona shada la majani na DEUTSCH OSTAFRIKA, ni ya serikali ya koloni: 1904 hadi 1914. Kwenye hizi tafuta herufi ndogo ya kiwanda kilichoipiga, A ya Berlin au J ya Hamburg. Rupia moja ya 1904 ina A peke yake, ya 1914 ina J peke yake.

Rupia ya Kihindi isome kwa mtawala wa Uingereza aliyemo. Victoria akiandikwa QUEEN ni kabla ya 1877. EMPRESS ni 1877 hadi 1901. Hapa ndipo mwaka unapodanganya: rupia za 1840 na za 1862 ziliendelea kupigwa miaka mingi zikiwa na tarehe ile ile. Edward VII asiye na taji ni 1903 hadi 1910. George V mwenye taji huanza 1911, na ya mwaka huo inajulikana bila tarakimu: tembo kwenye vazi lake ana mkonga mfupi mno, watu wakaona nguruwe, ikabidi michoro irekebishwe 1912. Tatizo ni kwamba vazi nalo huchakaa.

Kwa kuwa tuko karibu na Ruvuma, angalia pia muhuri mdogo wa herufi PM na taji. Ulipigwa Msumbiji wakati wa Mreno, juu ya reale na rupia za wengine. Wengi hudhani sarafu imeharibiwa, kumbe huo muhuri ndio unaotafutwa. Wa kughushi nao wapo.

Hatua ya 4: Sasa tafuta mwaka

Zima taa, washa tochi ya simu na uilaze mpaka mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu. Zungusha sarafu taratibu, piga picha kila pembe, kisha zilinganishe. Mguu mmoja wa tarakimu unatosha ukishajua kundi lake.

Hatua ya 5: Andika

“Rupia moja, Kampuni, 1890–1902, gramu 11.41, imetobolewa.” Mnunuzi anayejua kazi ataiamini hiyo kuliko mwaka wa kubahatisha.

Zile ndogo zenye maandishi ya Kiarabu kutoka magofu ya Kilwa haziingii kwenye hatua hizi. Nyingi ni za shaba, hazikuwahi kuandikwa mwaka, na hutambulikana kwa jina la sultani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo usiiuze wala kumpa sonara aiyeyushe. Ipeleke kwa mamlaka ya mambo ya kale.