Manyoya ya Mbwa: Chanuo Kwanza, Maji Baadaye

Mbwa mwenye manyoya marefu akiingizwa majini kabla hajachanwa, kila fundo alilonalo hukaza. Manyoya yaliyosokotana yakilowa huvutana, yakikauka hubana zaidi, na kile ambacho kingefunguka kwa vidole kinageuka bonge gumu lililong'ang'ania ngozi. Basi mpangilio ni huu: chana, fungua mafundo, osha, kausha hadi ngozini, kisha chana tena.

Kwanza jua aina ya manyoya unayoshughulika nayo. Yapapase mgongoni kinyume na yanavyolala. Ukikuta manyoya magumu juu na mengine mafupi, mororo na mazito chini yake, huyo ana tabaka mbili: German Shepherd, Husky na Labrador wako kundi hili. Poodle na Maltese hawana tabaka zito la chini. Manyoya yao hurefuka bila kukoma, hivyo huhitaji kukatwa kila baada ya wiki 4 hadi 8. Mwenye manyoya mafupi sana kama Boxer hana mambo mengi: brashi ya mpira mara moja kwa wiki inamtosha.

Kwa wengine wote, nunua brashi ya vijino vya waya vilivyopinda na chanuo la chuma lenye meno mapana upande mmoja na ya karibu karibu upande wa pili. Mwenye tabaka mbili aongezewe reki ya kutolea manyoya ya chini yaliyokufa. Kabla ya kumgusa mbwa, jikwaruze na brashi upande wa ndani wa mkono wako. Ukiumia, unaikandamiza mno. Naye ataachiwa ngozi nyekundu yenye michubuko.

Brashi hudanganya. Hulainisha manyoya ya juu na kuacha msokotano chini, ndiyo maana mbwa "anayechanwa kila siku" bado hukutwa na mafundo. Mlaze ubavu, inua manyoya kwa kiganja mpaka mstari wa ngozi uonekane, kisha teremsha safu nyembamba na uichane kutoka ngozini hadi nchani. Ikimalizika, teremsha nyingine. Chanuo la chuma ndilo hakimu: likipita kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama, sehemu hiyo imekwisha. Usipite haraka nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, chini ya mkanda wa shingoni, nyuma ya mapaja na katikati ya vidole. Mafundo huanzia huko kwa sababu ya msuguano na unyevu.

Ukikuta fundo, libane kwenye shina, kati ya fundo na ngozi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako. Nyunyizia wanga wa mahindi kidogo kupunguza msuguano, lipasue kwa vidole vipande vipande, halafu uchane ukianzia nchani kurudi ngozini. Mkasi uweke mbali. Fundo huvuta ngozi na kuipandisha ndani yake, nawe unaona manyoya tu. Unakata kumbe umepasua ngozi. Ngozi ya mbwa imelegea, kwa hiyo jeraha la mkasi hutanuka likahitaji kushonwa.

Fundo lililolala juu ya ngozi halifunguliwi, hunyolewa. Tumia mashine yenye kisu namba 10, kinachobakiza takriban milimita 1.5. Nyoosha ngozi kwa mkono mmoja, laza kisu bapa, na kila baada ya dakika chache kiguse kwa kifundo cha mkono wako, maana chuma hushika moto na kuunguza. Masikio yaliyokuwa yamegandamana yakishanyolewa, mchunge mbwa asitikise kichwa kupita kiasi: mishipa midogo hupasuka na sikio likavimba damu.

Lakini usimnyoe mwenye tabaka mbili kipara eti apate ubaridi. Manyoya yanaweza kurudi kwa mabaka au kukawia miezi mingi, na ngozi iliyo wazi huungua juani. Kinachomsaidia ni reki: toa manyoya yaliyokufa ili hewa ifike ngozini.

Kuosha kila wiki 4 hadi 8 kunatosha mbwa wengi wenye manyoya marefu. Tumia shampuu ya mbwa. Ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, pH karibu 5.5, ilhali ya mbwa hukaribia 7, kwa hiyo shampuu yako humkausha na kumwasha. Kama lebo inaruhusu kuchanganya na maji, changanya kiasi cha siku hiyo tu na umwage kinachobaki. Shampuu iliyochanganywa ikakaa chupani huotesha bakteria, na ukiisugua kinyume na manyoya wanapenya kwenye vitundu vyake. Siku moja au mbili baadaye mgongo unatoka vipele vyenye maumivu makali, pengine na homa.

Maji yawe ya uvuguvugu. Anzia shingoni kwenda nyuma, na kichwa kifute mwishoni kwa kitambaa. Shampuu ya dawa iache ikae dakika 10 ukiangalia saa, si kwa kukisia. Suuza muda mrefu kuliko ulivyosugua: kwapani na tumboni ndiko povu linakobaki, na mabaki hayo huleta mwasho na ukoko mweupe.

Kausha kwa kukandamiza taulo, usisugue, maana kusugua hutengeneza mafundo mapya. Draya iwe na joto la chini, umbali wa sentimita 30, na isitulie mahali pamoja. Tabaka la chini likiachwa na unyevu, kidonda chenye majimaji huweza kutokea na kuenea kwa saa chache.

Kucha zikatwe zikianza kugonga sakafuni. Zilizo nyeusi kata vipande vyembamba na usimame unapoona kitone cha kijivu katikati. Ikitoka damu, kandamiza wanga hapo dakika 5. Usisahau ukucha wa pembeni juu ya mguu, kwani haugusi ardhi ukasagika, hivyo hujikunja na kuingia nyamani. Masikio futa pale kidole kinapofika tu. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani.

Ukichana na kuona vumbi jeusi, liweke kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Likigeuka wekundu wa kutu, hiyo ni damu iliyomeng'enywa: kinyesi cha viroboto. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, kemikali ya kuua wadudu, usimpake mbwa anayelala na paka, kwani huweza kumuua paka.

Manyoya yaliyofifia bila mwasho mara nyingi hutokana na chakula, na mabadiliko ya chakula huchukua wiki 6 hadi 8 kuonekana. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiona upara unaolingana pande zote mbili bila kujikuna, dalili ya hitilafu ya homoni, au mabaka ya mviringo yenye magamba. Hayo ya mwisho huenda ni choa, nacho huambukiza watu: nawa mikono na usitumie chanuo hilo kwa mbwa mwingine.