Soriasisi na baridi ya Julai
Ndugu zangu wa hapa Arusha wenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, baridi hii ya Juni hadi Agosti ndiyo inayochachamaza magamba. Tafadhali msiyasugue kwa dodoki wala kuyabandua kwa kucha; ngozi ikichubuka, baka jipya linaweza kuota palepale. Oga maji ya vuguvugu, jifute taratibu bila kusugua, kisha paka mafuta mazito ya mgando mwili ukiwa bado na unyevu, hasa viwiko na magoti. Na nyie wa nyumbani, ugonjwa huu hauambukizi: ni kinga ya mwili inayoharakisha ngozi kuota. Kuleni na mgonjwa sahani moja. Krimu za steroidi (dawa za kupaka za kutuliza uvimbe wa ngozi) zisinunuliwe kienyeji dukani, wala zisikatishwe ghafla. Hospitali ya KCMC pale Moshi kuna madaktari wa ngozi.