Kabla baridi haijakolea: bomba la moshi, matundu ya hewa na jiko la mkaa

Mvua zikishakatika mwezi wa tano, na baridi haijaanza kuuma sawasawa, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ndio wakati wa kupanda juu ya bati kukagua bomba la moshi. Ukisubiri mpaka katikati ya Juni, Njombe na Makete watu wanaamka na jalidi shambani, fundi bati ana foleni, na jiko lenyewe linahitajika kila jioni, halipati siku ya kupoa likaguliwe. Wa Tukuyu wana hesabu yao, maana mvua ya kule haifuati ratiba ya Iringa. Wangoje siku kadhaa za jua bati likauke, ndipo mtu apande.

Wengi wakisikia ukaguzi, macho yanakwenda kwenye bomba. Mimi ningeanza na ukuta. Zunguka nyumba yako uhesabu matundu ya hewa yaliyozibwa na matambara, magazeti, maboksi, hata foronya. Yalizibwa kwa sababu baridi ilikuwa inaingia, na hakuna wa kulaumiwa hapo. Lakini bomba la moshi halivuti kwa nguvu zake lenyewe. Hewa ya moto inapanda kwa kuwa ni nyepesi, na kila inayotoka lazima nyingine iingie kuchukua nafasi yake. Chumba kikizibwa kila upande, moshi unakosa wa kuusukuma, unarudi ndani, na mwenye nyumba anamlaumu fundi. Kwa hiyo acha tundu moja chini, karibu na jiko, na jingine juu upande wa pili. Kama upepo unampiga mtu kitandani, usizibe. Pigilia kipande cha ubao mbele ya tundu, ukiache mbali na ukuta kama vidole vinne, upepo upinde njia. Wavu wa mbu ulioko kwenye matundu ya jikoni uvue uusugue, kwani masizi na vumbi huufunika mpaka hewa haipiti tena. Chumba kisichopumua kinaota kuvu nyuma ya kabati pia, na hilo ni tatizo la kifua hata kama hakuna moto uliowashwa.

Sasa bomba. Liangalie likiwa limepoa kabisa. Usiku, zima taa, mtu mmoja aingize tochi ndani yake kwa chini na mwingine atazame kwa nje: kila chembe ya mwanga inayotokeza ubavuni ni tundu la kutu au kiungo kilichoachia. Mchana, weka kioo mdomoni kwa chini. Usipoona mwanga wowote, kuna kiota cha ndege au masizi yamejaa, hasa kwenye viwiko. Kusafisha si kazi ngumu. Gunia lililofungwa jiwe, likashushwa na kupandishwa kwa kamba, linatosha kwa bomba lililonyooka, ila vaa barakoa na funika mdomo wa jiko kwa kitambaa kibichi. Vipande vya bomba viungwe kwa namna ambayo cha juu kinaingia ndani ya cha chini. Mafundi wengi hugeuza wakifikiria mvua, kumbe lami ya moshi inayoteremka ndani inapenya kwenye kiungo na kuchuruzika ukutani. Viwiko viwili ndio mwisho, na bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko linakotokea.

Juu ya paa, mdomo upite kilele, au angalau uwe sentimeta 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Bomba fupi linalochungulia tu bati, kwenye upepo wa Makambako au wa Iringa, litageuzwa kuwa njia ya kuingizia moshi. Lipe kofia, na kola ya bati pale linapotoboa paa. Bomba la bati tupu lisilofunikwa lipite mbali na kenchi, papi na dari za mbao, kiasi cha sentimeta 45. Mahali pasipowezekana, weka ngao ya bati yenye nafasi ya hewa nyuma yake. Ubao unaopashwa moto kidogo kidogo miaka nenda rudi hukauka mpaka ukawaka kwa joto ambalo zamani usingelijali.

Kuhusu vifaa nitakuwa mkali kidogo. Bomba la plastiki la maji machafu si bomba la moshi, hata kwa mita ya mwisho kule juu. Linalainika, linapinda, likiungua linatoa gesi kali. Na kama nyumba ni ya zamani yenye mabati ya asibesto, fundi asitoboe wala kukata: nyuzi zake zikivutwa zinakaa kwenye mapafu maisha yote. Pitisha bomba ukutani badala yake.

Kuni za misindano na milingoti zinapatikana kwa wingi huku, lakini mbichi ndizo zinazojaza lami bombani, na lami hiyo ikishika moto bomba zima linaunguruma. Pasua sasa, panga chini ya paa mahali penye upepo.

Mkaa unahitaji maneno zaidi. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Ni jambo zuri, ila gesi inapika, haimwotishi mtu usiku wa Julai. Ndiyo maana hata nyumba yenye mtungi Uyole au Kihesa utakuta jiko la mkaa linaingizwa chumbani baada ya chakula. Watu hungoja mkaa uive, moshi uishe, wakiamini hatari imeisha nao. Ni kinyume. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamshwi na kikohozi. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu inalegea. Wengi hudhani ni malaria. Cha kutilia shaka ni pale nyumba nzima inapougua pamoja na kupata nafuu ikitoka nje. Hapo toeni watu kwenye hewa safi, pigeni 114 kwa Zimamoto, na aliyezimia apelekwe hospitali hata akizinduka.

Kwa hiyo kubalianeni kabla ya baridi: jiko linatoka chumbani kabla ya mtu wa kwanza kulala. Nunueni blanketi la ziada sasa, chupa za maji moto zitafutwe sasa, kwani saa nne usiku mtoto akitetemeka hakuna atakayekumbuka gesi isiyoonekana.

Tarajia pia upinzani wa bibi. Moshi wa jikoni ndio umelinda mahindi ya darini dhidi ya dumuzi, mdudu anayetoboa punje, tangu zamani, na bibi ana hoja. Ukimwekea bomba bila kumletea mbadala, atalichomoa. Mnunulieni mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, kwanza, mahindi yakaushwe vizuri na kufungwa ndani yake, halafu ndipo fundi aitwe.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza iwe mchana, madirisha wazi. Washa moto mdogo, kisha choma udi karibu na kila kiungo: uzi wa moshi ukinyonywa kuelekea bomba, linavuta. Ukisukumwa pembeni, kuna uvujaji. Halafu funga madirisha, ucheze mchezo huohuo tena, kwa kuwa hivyo ndivyo nyumba itakavyokuwa usiku. Majivu yamwagwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae nje, mbali na ukuta wa mbao, mpaka yapoe kabisa.